Mwalimu wa Damu na Waliochelewa Kucheka

Chuoni kwetu Moshi kulikuwa na mwalimu aliyetukamata kwa kichekesho. Nasema kutukamata kwa sababu ndivyo tulivyosema wenyewe, na hata leo nikitafuta neno la upole zaidi naona halimfai. Kilikuwa chuo kidogo cha watu wa maabara, si mbali na hospitali ya Mawenzi, na yeye alifundisha somo la damu, basi tukamwita Mwalimu wa Damu. Jina lake nalijua, na ukoo wake naujua, kwa sababu kule kwao Marangu huwezi kumjua mtu ukaachwa usijue ukoo wake. Lakini si hayo ninayotaka kuyasema.

Kila mwaka wa masomo ulipoanza, wanafunzi wapya wakiwa bado hawajui hata choo kiko upande gani, aliingia darasani akafundisha kwa Kiingereza kama walimu wengine. Katikati ya somo akaweka chaki mezani, akasimulia habari za mbu aliyekwenda maabara kuomba kazi. Wakamuuliza ana uzoefu gani. Mbu akasema, amechukua sampuli za damu nyingi kuliko wote waliomo ofisini. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale amefumbata mikono nyuma, akitutazama mmoja mmoja.

Mimi nilicheka. Nilicheka vizuri tu, kwa sauti, nikapiga na meza kidogo. Kitu ambacho sikujua ni kwamba nilikuwa nimeanza kwa kumtazama jirani yangu.

"Asiyecheka kabisa hanisumbui," aliniambia baadaye. "Huyo labda amenuna, labda ana njaa, labda kichekesho chenyewe kibovu. Anayenisumbua ni yule anayemtazama mwenzake kwanza, halafu ndiyo anacheka."

Kipindi kilipokwisha alinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe pale dirishani. Tukamfuata hadi chumba kidogo nyuma ya maabara, kilichokuwa na viti virefu visivyo na mgongo, harufu ya spiriti, na dirisha moja lililotazamana na ukuta. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikiita mahabusu. Walikuwa wanatusubiri nje ya mlango wakicheka, na hao kweli walikuwa hawachelewi.

Wapo waliojaribu kumkwepa. Mwaka uliofuata baadhi yetu tuliwaonya wageni: akianza habari za mbu, chekeni mapema. Wakacheka mbu hata mlango hajaufikia. Akawakamata wote, pamoja na sisi tuliowafundisha.

Alikuwa na mambo yake. Majina yetu hakuyashika kamwe. Angeweza kukufundisha miaka yote akakuita "wewe binti wa Majengo", lakini alijua unavyocheka, unavyokohoa ukitaka kuomba ruhusa, na mguu gani unautikisa ukiwa umepotea. Alikuwa mkali. Akikasirika Kiswahili kilimponyoka, akagomba kwa Kichagga mpaka amalize, halafu akauliza kwa utulivu kabisa, "Sasa tuliishia wapi?" Kanisani kwao aliimba sauti ya nne, na wenzake wa kwaya walimvumilia. Kubwa kuliko yote, aliogopa sindano. Mwalimu wa Damu mwenyewe. Siku ya kujifunza kutoa damu, mwanafunzi mmoja alimwomba mkono kwa heshima, na yeye kwa kuona haya akautoa. Alikaa sakafuni akiwa hajachomwa, jasho limemtoka, tukampepea kwa makoti yetu meupe. Alipopata nguvu alisema, "Mmeona? Hata mgonjwa wenu atakuwa anatabasamu hivi hivi, kumbe anakwenda. Mtazameni uso, msiutazame mkono tu." Akaendelea na somo akiwa amekaa palepale chini.

Mahabusu kulikuwa na neno moja lililokatazwa. Neno lenyewe ni "nimeelewa". Ukilisema alikukata hapohapo. "Hiyo niachie mimi. Mimi ndiye nitakayesema kama umeelewa. Wewe sema ulichokisikia." Na ukisema hujaelewa, alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Vizuri. Tuanze upya, polepole."

Hayo yote ni mazuri kuyasimulia leo. Wakati ule sikuyapenda, wala yeye sikumpenda.

Ni lazima niseme nilikuwa wapi. Baba yangu ni fundi cherehani, Mrangi wa asili ya Kondoa aliyezaliwa mtaa wa Majengo hapa Moshi, na cherehani yake ipo barazani mbele ya nyumba tunayopanga. Nilipopata nafasi chuoni hapakuwa na kanzu iliyoshonwa pale bila mwenyewe kuambiwa, "Binti yangu anasomea damu." Majirani wakaanza kuniletea macho yao niyavute chini, niwaambie kama damu imepungua. Nikitoka msikitini kina mama walinishika mkono, "Daktari wetu." Nilikuwa nimesoma shule ya kata, ambako mwalimu aliandika Kiingereza ubaoni na kukieleza kwa Kiswahili, na sote tulipita hivyo. Chuoni hakuna aliyekieleza. Maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu siku nzima, nami nilikuwa natikisa kichwa kana kwamba nasikia. Jaribio la kwanza lilikuwa linakaribia, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka vibaya kwenye majaribio ya mwanzo, unaondoka. Sikuweza kubaki, na sikuona ningemwambia Baba vipi.

Kuitwa mahabusu ndiko kulikonimaliza. Nilijua sasa kuna mtu anajua. Asubuhi moja badala ya kwenda chuo nilibaki nyumbani, nikasema naumwa, nikalala nyuma ya pazia la chumba chetu nikisikiliza cherehani. Nilikuwa nimeamua kwamba nitaumwa mpaka jaribio lipite, na baada ya hapo chuo kitanisahau. Sikuwa na mpango mwingine.

Cherehani ikanyamaza. Nikasikia sauti yake barazani.

"Hodi. Habari za kazi, Fundi."

"Salama, Mwalimu. Karibu, karibu kiti. Na hilo jani?"

Nilichungulia. Mwalimu wa Damu alikuwa amesimama na koti lake la suti, na mkononi ameshika jani la isale, refu, la kijani, amelibeba wima. Mtu yeyote aliyekulia Moshi, awe Mchagga au asiwe, anajua jani hilo. Wachagga hulipanda kwenye mipaka ya vihamba vyao, mashamba yao ya nyumbani, na anayekuja nalo mkononi amekuja kuomba radhi. Ukiletewa, umeletewa. Kulikataa ni jambo zito ambalo watu hulisimulia hata baada ya wewe kufa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

Baba alicheka kidogo, cheko la mashaka. "Umenikosea nini, Mwalimu? Sisi ndiyo tunakushukuru."

"Mimi na chuo changu tumemkosea binti yako. Tumemsemesha siku zote hizi kwa lugha asiyoisikia, na alipotikisa kichwa tukajifanya hatuoni. Kosa ni letu. Usimlaumu yeye."

Baba alikuwa bado hajaambiwa na mtu yeyote kwamba ninashindwa. Nilimwona anageuza uso kuelekea pazia, na najua aliniona. Halafu akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Basi, Mwalimu. Yamekwisha."

"Aika, asante, mzee mwenzangu. Kesho atakuja?"

"Atakuja."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Wazee wawili walisameheana kwenye baraza letu juu ya jambo langu, wakanywa chai, wakaongea bei ya kahawa. Chuo kilikuwa kimeomba radhi na kimesamehewa, kwa hiyo sikuwa tena na sababu ya kubaki nyumbani. Jani lenyewe Baba alilichomeka juu ya kioo cha ukutani, nikawa naliona kila nilipofunga mtandio. Lilikauka likajikunja, na bado hakulitoa. Nilikuwa nalichukia.

Nikarudi. Nilikwenda mahabusu kila siku baada ya vipindi, nikatazama ukuta ule kupitia dirisha lile. Yeye alikaa kiti cha mbele yangu na chupa yake ya mtori, ile supu nzito ya ndizi.

"Una shangazi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ninaye. Anauza vitumbua."

"Mimi ndiye shangazi yako. Nieleze chembe nyekundu za damu zinafanya kazi gani."

Kumwita mwanamume mwenye mvi shangazi kulinishinda.

"Shangazi anasubiri," alisema. "Mafuta yanaungua."

"Shangazi," nilisema, "ni kama wapagazi wa mlimani. Zinabeba hewa safi kutoka kwenye mapafu zinaipeleka mwilini. Zikishusha, zinarudi na ile chafu."

"Na zikiwa chache?"

"Mizigo inabaki chini. Mtu anachoka bila kufanya kazi."

Alitikisa kichwa kukubali. "Haya. Sasa yaseme hayo hayo kwa Kiingereza. Ukikosea, kosea kwa sauti."

Nilikosea kwa sauti siku nyingi. Jaribio lile la kwanza nilipita kwa shida, la pili kwa nafuu, na leo mimi mwenyewe ni mkufunzi wa chuo kile kile. Nikisema hivi watu hutabasamu, wanaona hadithi imeisha vizuri. Haikuisha. Miaka yote nilibaki na hasira ndogo niliyoshindwa kuipeleka popote. Nilitaka kuulizwa. Huenda ningejibu ndiyo, lakini nilitaka niulizwe.

Na sikuwa peke yangu. Tulisoma na kijana mmoja wa Marangu, Aminieli, mtoto wa mwongoza watalii. Yeye alitaka mlima. Aliujua mlima jinsi mimi nilivyoijua mitaa ya Majengo, na siku ya mawingu alikuwa anakaa dirishani akikuonyesha kwa kidole mahali Kibo ilipo, japo haionekani. Alipoacha masomo Mwalimu wa Damu alipanda hadi kwao na isale yake. Baba yake akaipokea. Aminieli akarudi, akamaliza, akapata kazi kwenye maabara iliyo chini ya jengo, taa zinawaka mchana kutwa. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwenzangu, wewe alikusaidia kufika. Mimi alinisaidia kubaki." Akikutana na Mwalimu njiani alimwamkia shikamoo, kwa sababu hakuna namna, kisha akapita.

Nilimuuliza Mwalimu mwenyewe, nilipokuwa tayari nafundisha naye. Tulikuwa tumekaa mahabusu, mimi sasa kwenye kiti cha upande wake.

"Mwalimu, umewahi kumwacha mtu aende?"

Alimenya ndizi yake mbivu taratibu. "Kuondoka hakuhitaji mwalimu," alisema. "Mlango uko wazi, kila mtu anauona. Mimi nalipwa kwa ajili ya kubaki."

"Na asiyetaka kubaki?"

"Aseme. Mbona hamkusema?"

Jibu hilo liliniudhi mpaka nikashindwa kumaliza chai yangu. Tungesema vipi, na yeye ameshakuja na jani?

Alistaafu, akarudi Marangu kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Mkewe alikuwa amefariki. Tulipigiana simu mwanzoni, halafu simu zikawa fupi, kisha akawa hapokei. Nilidhani amechoka na habari za chuo.

Mwishoni mwa mwaka jana nikaalikwa kwake, kwenye kipaimara cha mjukuu. Nilipanda na kitenge cha zawadi. Walikuwa wamefunga turubai kati ya nyumba na migomba, pombe ya mbege inazunguka kwa vibuyu, na walikuwa wamemwita Muislamu wa jirani achinje, ili wageni kama mimi tule bila wasiwasi. Mkamwana wake, mke wa mtoto wake mkubwa, alinipokea kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa amekaa katikati ya wazee wenzake na suti ile ile, sasa imempwaya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba, binti wa Majengo." Alinishika mkono kwa furaha. "Umekuja."

"Nimekuja. Hali yako?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema.

Nikakaa ng'ambo, upande wa akina mama, nikiwa namtazama. Msema chochote wa sherehe, shemeji yake mmoja, alisimama akatupa kichekesho kuhusu mtu aliyekwenda kuposa akiwa amekunywa mbege akaposa nyumba ya jirani. Turubai zima likacheka. Mwalimu wa Damu aligeuka akamtazama mzee aliyekaa kulia kwake. Kisha akacheka.

Kijiko kilinibaki mkononi.

Nikamngoja. Kichekesho cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile, na safari hii akapiga na goti. Nilimwinamia mkamwana aliyekuwa ananiongezea machalari ya ndizi na nyama.

"Dada, Mzee anasikia?"

"Anasikia vizuri tu, mae. Ni uzee. Siku hizi amekuwa mbishi, unamwambia washa taa yeye anakwenda kufunga mlango. Ukimuuliza, anakwambia ameelewa."

Ndipo mwanawe mkubwa aliposimama. Ni mtu mwema, ana biashara yake Dar es Salaam, na aliongea kwa upendo ambao sina shaka nao. Alishukuru wageni. Kisha akasema kwamba baada ya sherehe hii Mzee atashuka nao Dar, akapumzike. Nyumba itafungwa, kihamba atakiangalia jirani. "Tumeongea naye kwa kirefu," alisema, "na amekubali mwenyewe. Au siyo, Baba?"

Uso wa Mwalimu ulizunguka kwa wale waliokuwa wanamtazama. Aliona wanatabasamu. Akatabasamu.

"Nimeelewa," alisema. "Nimeelewa."

Vigelegele vikapigwa. Mtu alikuwa amefungiwa nyumba yake mbele ya macho yake, na alikuwa anashangilia kwa sababu wenzake wanashangilia. Ningeweza kusimama niseme. Lakini mimi ni nani pale? Mgeni, mwanamke, mtu wa Majengo, na yule ni baba yao. Nikisema hasikii, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya ukoo wake. Nikinyamaza, kesho atapandishwa gari. Nilitoka nikaenda nyuma ya migomba kupata hewa, na pale mpakani isale zilikuwa zimejipanga mstari mzima.

Sijui kama nilikuwa na haki ya kukata. Lile si jani langu, wala desturi si yangu. Nilikata.

Niliporudi nimelishika wima, mazungumzo yalikatika meza baada ya meza. Wazee waliliona kabla hawajaniona mimi. Nilipita katikati yao nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Yeye naye aliliona, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake haukumtafuta jirani.

"Nani amekosa?" aliuliza.

Niliinuka nikaweka mdomo sikioni kwake, nikasema polepole, kwa sauti ya darasani. "Sisi, Mwalimu. Tumekusemesha siku zote hizi kwa sauti usiyoisikia, na ulipotikisa kichwa tukajifanya hatuoni. Kosa ni letu."

Alinitazama. Alikuwa amekasirika, hilo nililiona wazi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nilijua hasira ile, kwani ilikuwa yangu. Mikono yake ilikaa magotini muda mrefu. Kisha akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Umenikamata," alisema.

Akamwita mwanawe kwa kidole, kama alivyotuita sisi. "Njoo hapa karibu. Sijaelewa ulichosema. Anza upya, polepole."

Mwanawe alikuja ameinamisha kichwa. Akaanza, na ikambidi apaze sauti sikioni mwa baba yake, neno moja moja. Dar. Nyumba kufungwa. Kihamba kwa jirani. Maneno yale yale aliyoyatamka kwa ufasaha dakika chache nyuma sasa yalimtoka kwa shida, na la mwisho hakulimaliza. Mkamwana alikuwa ameshika sufuria anatazama chini.

Mwalimu wa Damu alisikiliza mpaka mwisho. Alilipapasa jani kutoka shinani hadi ncha.

"Sasa ndiyo nimeelewa," alisema. "Radhi yenu nimeipokea. Nimewasamehe wote, na yamekwisha."

Akampa mwanawe mkono. Mwanawe akaushika, akapumua.

"Na siendi," akasema.

Alisema kwa upole, bila kuuachia ule mkono, na jani likiwa bado kwenye ule mwingine. Hakuna mzee hata mmoja aliyeguna. Hakuna aliyeona kwamba amevunja kitu. Mimi nilibaki nimesimama kando ya kiti chake, nikimfikiria Aminieli chini ya taa zake, na jani lililokauka juu ya kioo chetu Majengo, na mimi mwenyewe nyuma ya pazia. Miaka yote hiyo nilikuwa naamini kwamba jani likishapokelewa, hakuna anayeweza tena kusema hapana.